Ombi la Kuanzishwa kwa Stashahada ya Kusaka Saini

Kwa Wakuu wa Vyuo vya Uuguzi na Ukunga,
Tanzania.

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza pokeeni pongezi kwa kazi nzuri mnayoifanya, maana barua ya kiofisi isiyoanza na pongezi huozea masijala. Nia yangu ni kuwaomba mhalalishe jambo ambalo tayari linafanyika wodini: mwanafunzi hapimwi kwa alichomfanyia mgonjwa, anapimwa kwa alichosainiwa kwenye logibuku. Kuweka dripu, kuingiza katheta, kupima presha, kuzalisha, kila kimoja kina mstari wake, tarehe yake na nafasi ya saini ya msimamizi. Mistari ikijaa, mwanafunzi ameiva. Isipojaa, hata mkono wake uwe mwepesi kiasi gani, mtihani ausikie kwa wenzake.

Kwa kuwa hali ndiyo hiyo, tunaomba kwa unyenyekevu ianzishwe Stashahada ya Kusaka Saini, miaka 3 kamili kama ile ya uuguzi. Mwaka wa kwanza uwe wa Utambuzi wa Msimamizi: kumjua sista inchaji kwa mlio wa viatu vyake, kujua saa yake ya chai, na kutofautisha uso wa "njoo kesho" na uso wa "niachie hapo mezani". Mwaka wa pili uwe wa Wino na Karatasi, kwa sababu kazi za miezi mitatu zilizosainiwa mchana mmoja kwa kalamu moja zinatia aibu. Mhitimu ajue kubadilisha kalamu, kukunja pembe za kurasa, na kudondoshea tone la iodini ili kitabu kionekane kimekesha wodini. Mwaka wa tatu ni vitendo: mtahiniwa aachwe koridoni siku ya mwisho ya fildi, inchaji ameanza likizo, mhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko semina Dodoma. Atakayerudi na kurasa zote zimejaa apewe daraja la kwanza. Mgonjwa hatahitajika katika hatua yoyote, na chuo kitaokoa fedha za glavu, ingawa mara nyingi hizo hununuliwa na mwanafunzi mwenyewe.

Mengine ni madogo. Mhuri ufungwe kamba kama kalamu ya benki. Wanafunzi waruhusiwe kusainiana kwa zamu. Na yule dami wa maabara, sanamu la kufanyia mazoezi, afunguliwe faili, maana kwa wengi ndiye mgonjwa pekee waliyewahi kumhudumia bila kusukumana.

Najua mtajibu kwamba bila saini hakuna ushahidi, na leseni haitolewi kwa maneno matupu. Hoja hiyo ina uzito, ila saini ni ushahidi pale tu aliyesaini alipoona. Mkunga mmoja mwenye leba iliyofurika, akizungukwa na wanafunzi wa vyuo vitatu, hawezi kumwangalia kila mmoja. Anachoweza ni kusaini. Mmemgeuza karani, kisha mnamwita mzembe. Mtasema pia kwamba logibuku ni karatasi tu, ujuzi utakuja kazini. Hapo ndipo penye hatari. Chukueni patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi: mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, mlango wa kizazi hupimwa kila saa 4, na nukta huwekwa muda huohuo. Nukta zikivuka mstari wa tahadhari, mkunga anajua ni wakati wa kumwita daktari au kutafuta gari la rufaa. Ikijazwa baada ya mama kujifungua, chati hiyo ni pambo. Na tafiti zilizofanywa Dar es Salaam na Zanzibar zimekuta mapengo makubwa katika ufuatiliaji unaoandikwa humo.

Mnashangaa nini? Nani aliyemfundisha mkunga huyo kwamba kumbukumbu hujazwa mwishoni, zote kwa mkupuo, ili mkubwa aridhike? Ni ninyi. Mlimfundisha miaka mitatu, mkampigia makofi kwenye mahafali. Mama anayevuja damu saa nane za usiku haokolewi na saini ya mtu yeyote!

Niwieni radhi, nimepaza sauti. Turudi kwenye adabu. Siku hiyo ya mahafali mnawashikisha wahitimu mishumaa na kuwaapisha kiapo chenye jina la Florence Nightingale, ambacho hakukitunga yeye. Kilitungwa Marekani mwaka 1893. Kilicho chake hasa mmekiacha. Alikuta daftari za hospitali za jeshi la Uingereza ni vurugu tupu, akazishikia bango, na mwaka 1858 akatoa mchoro ulioonyesha kwamba maradhi yaliua askari wengi katika vita vya Crimea kuliko majeraha. Kwake yeye, kuandika kwa ukweli kulikuwa sehemu ya kumuuguza mgonjwa.

Basi ombi la stashahada likikataliwa, fanyeni haya. Idadi ya kazi za kusainiwa ipungue, na kila moja ifanyike mbele ya macho ya mtu. Mkufunzi wa chuo ashinde wodini na wanafunzi wake badala ya kutokea siku ya ukaguzi. Wanafunzi wanaopelekwa hospitali moja walingane na wasimamizi waliopo. Ada ya mafunzo kwa vitendo mmeshaipokea. Mafunzo yenyewe bado tunawadai.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mlipa Ada