Video ya Harusi, Prosesa Mbili

Harusi ya wifi yangu huko Muyinga ilikwisha salama. Vita vikaanzia kwenye video. Mume wangu ana chumba cha picha hapa Gitega, alichokifungua mwaka 2019, mji ulipofanywa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Kazi zake huzifanyia kwenye kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core i5-6500. Mdogo wake wa Muyinga alikuwa amejipatia laptopu ya mtumba yenye kibandiko cha i7 kinachong'aa kando ya kibodi. Akatangaza mbele ya ukoo: “Kaka, saba si tano. Video naitengeneza hapa hapa, wageni wetu wa Ngara waione kabla hawajavuka mpaka wa Kobero.” Mama mkwe akampa baraka zake.

Baada ya Isha shemeji akaiweka laptopu kitandani, juu ya blanketi zito la manyoya, akaiamuru itoe video nzima. Mstari wa kijani ulianza kwa kasi. Punde feni ikapiga kelele, mstari ukawa unajikokota. Mama mkwe alitia kiganja chini ya mashine, akakitoa upesi. “Mwanangu, hii ina homa,” akasema, akachukua ungo akaanza kuipepea. Tukawa tunapokezana ule ungo. Usiku wa manane kioo kikazimika ghafla, kazi yote ikapotea, na shemeji akakaa kimya ukingoni mwa kitanda. Nilimhurumia kweli, maana pesa ya laptopu ile aliitafuta kwa jasho.

Asubuhi tulisoma jina kamili la prosesa yake: i7-6500U. Namba 6500 wanayo wote wawili, kaka na mdogo, na prosesa zote mbili Intel ilizitoa mwaka 2015. Lakini U ya mwishoni ni alama ya prosesa ya kubana umeme. Ina kori 2, yaani viini vya kufanyia kazi, ilhali i5 ya mezani ina 4. Imekadiriwa wati 15. Ya mezani, wati 65. Mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 2.5, na ikijikaza hufika 3.1, ya mezani huanzia 3.2 na kupanda hadi 3.6. Tena ile 3.1 haidumu. Kazi nzito ikiendelea joto hupanda, na prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Joto likizidi kabisa, mashine hujizima. Matundu ya hewa ya laptopu ile yako tumboni, na blanketi lilikuwa limeyaziba yote. Kompyuta ya mezani ina kipoza joto kikubwa cha alumini, feni pana na nafasi ya hewa kupita, ndiyo maana hushika mwendo wake usiku kucha bila kuchoka. Saba huipita tano pale zinapokuwa prosesa za familia moja na kizazi kimoja. Muuzaji hakumweleza hayo.

Niliondoka na nakala ya picha zote kwenye diski, nikapita Karuzi hadi Gitega. Kabla ya kupanda gari nilimwambia shemeji aiweke mashine juu ya bakuli mbili za bati zilizofudikizwa, hewa ipite chini. Ndugu hao wawili wakakubaliana kwa simu waanze wakati mmoja, baada ya Magharibi.

Ya mezani ilikwenda mbio. Mume wangu alikuwa ameshaanza kutabasamu, mstari umevuka nusu, binti yetu naye chumba cha pili ananyoosha sare za shule kwa pasi ya umeme. Kashi pawa, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaisha. Giza. Laptopu ingehamia kwenye betri yake. Ya mezani haina betri, ikazimika na kazi yote. Tukanunua umeme, tukaingiza tarakimu kwenye mita kwa mwanga wa simu, tukaanza upya. Hata hivyo tulimaliza kabla ya adhana ya alfajiri, na Muyinga bado wanasubiri.

Laptopu ilimaliza jua likiwa limechomoza. Lakini ilikuwa Muyinga, walipokuwa wageni! Waliitazama video pamoja na chai na maandazi, wakamwombea dua bibi harusi, ndipo wakashika njia ya Kobero. Nakala yetu ya Gitega, iliyotangulia kumalizika, ilikuwa bado inatafuta gari.

Siku hizi shemeji hupiga picha na kukata vipande kwenye laptopu huko huko harusini, na kazi nzito ya kutoa video huletwa Gitega, kwenye kompyuta ambayo sasa ina betri ya akiba. Nami sisemi laptopu zote ni dhaifu: i5-8250U ya mwaka 2017 ina kori 4 kwa wati zile zile 15, na ingeiacha mbali ile i7 ya shemeji.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujatoa faranga zako kwa kibandiko, mwambie muuzaji aiwashe mashine akuonyeshe jina la prosesa mpaka herufi ya mwisho. Uliza ni ya mwaka gani, ina kori ngapi, inatumia wati ngapi. Akikataa kuiwasha, nenda duka jingine.