Chombo Kisicho na Mkuku

Baba mdogo alikuja Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho, akakaa kwetu Tabata wiki tatu. Jioni ya kwanza, hata chai haijapoa, alivuta kiti kwenye meza ya kulia, akainama mpaka pua ikataka kugusa chombo changu cha anga, akauliza swali ambalo kwa miezi saba ya kukisanifu sikuwahi kujiuliza.

"Mwanangu, mkuku wake uko wapi?"

Wenzangu wa rika langu wanafuga kuku wa kienyeji au wanagombea uenyekiti wa mtaa. Mimi, mhasibu wa miaka 46, ninajenga chombo cha kwenda angani kwa matofali ya Lego, kwa mchoro niliouchora mwenyewe. Baba mdogo ni fundi wa majahazi, mtu wa Pangani, aliyejenga vyombo maisha yake yote bila kushika mchoro hata siku moja. Mnaona tunakoelekea.

Mambo yalianza na fuko la mitumba. Muuzaji, katikati ya wanasesere wasio na vichwa, alinipimia kilo nne za matofali ya kuchezea, nikayapeleka kwa binti yangu. Akayachezea siku mbili, akayasahau. Mimi ndiye niliyechimba mpaka chini ya fuko na kumkuta mwanaanga mwekundu, wa aina ile iliyoanza kutoka Denmark mwaka 1978, kofia yake ina ufa kidevuni. Ufa huo kwa watu wa ukoo wake ni kama chale: hata mwanaanga wa buluu katika ile sinema ya Lego ya 2014 anao, pale pale. Nilimsimamisha juu ya redio. Akawa ananitazama. Nahodha asiye na chombo ni mtu wa kuhurumiwa, nami nina huruma ya haraka.

Kwanza niliyafua matofali. Mitumba lazima ifuliwe, na mimi nimelelewa na mama aliyeamini kwamba kisichochemshwa hakijatakata. Nikachemsha. Plastiki yake, ABS, inatumika tangu 1963 na imestahimili meno ya watoto wa vizazi kadhaa, lakini haistahimili sufuria ya ugali inayotokota. Wenye kujua huosha kwa maji yasiyozidi nyuzi 40. Niliopoa vibapa, yale matofali membamba, vimejikunja kama kaukau za muhogo. Mke wangu akatangaza kwamba sufuria ile kuanzia leo ni mali ya safari za anga, akanunua nyingine kwa pesa yangu.

Halafu nikachora. Wapenzi wa kazi hii duniani wamejiwekea kipimo: chombo kisichofika vinundu 100 kwa urefu hakijaitwa kikubwa. Kinundu ni kile kichwa cha mviringo juu ya tofali, na kutoka kimoja hadi kingine ni milimita 8, kwa hiyo 100 ni sentimita 80, yaani shibiri tatu na nusu. Kuna programu za kompyuta za kuchorea, na hapo ndipo mtu mzima anapotea. Ndani ya kompyuta tofali halina uzito. Unaning'iniza bawa hewani, linakaa. Rangi haziishi. Nilichora chombo chote cha kijivu, chenye vioo vya njano, nikakizungusha kwenye skrini usiku kucha kama mtu anayemtazama mchumba.

Fuko langu, kumbe, lilikuwa na kijivu mbili. Mwaka 2004 hivi rangi ya kijivu ya matofali haya ilibadilishwa, ile ya zamani yenye umanjano ikapisha mpya yenye ubuluu. Mimi sikulijua hilo, na bawa la kushoto nililijenga usiku umeme umekatika, kwa tochi ya simu. Asubuhi nilikitoa chombo barazani nikipige picha. Kilionekana kama suruali ya shule iliyotiwa kiraka na fundi mwenye haraka. Nikabomoa bawa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Baadaye niliacha kuhesabu.

Ngoja nieleze hesabu yenyewe, maana ndiyo iliyonitia wazimu na ndiyo ninayoipenda. Tofali lina kimo cha milimita 9.6. Kibapa ni theluthi yake, 3.2. Ukitaka ubavu wa chombo uwe laini, usio na vinundu, unalilaza tofali upande, na hapo vipimo vinagombana, kwa sababu kimo na upana havilingani. Lakini panga vibapa vitano: 16 kamili. Sawasawa na upana wa vinundu viwili. Tano kwa mbili! Katika miaka 20 ya uhasibu sijaona vitabu vilivyofunga kwa usafi namna hiyo. Niliikariri, nikailalia, na siku moja kikaoni bosi aliponiuliza bakaa ya robo mwaka nikajibu, "Vibapa vitano." Watu walidhani nina homa.

"Si unapachika tu?" mke wangu aliniuliza usiku mmoja, akitafuta mahali pa kuweka bakuli la mchuzi.

Nikamweleza kwamba matofali sita tu ya vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Kwamba kampuni yenyewe kwa miaka mingi ilikuwa ikitaja 102,981,500, mpaka mwanahisabati wa Copenhagen, Søren Eilers, alipolichunguza jambo hilo upya.

"Na wewe," akasema, "namna zote hizo lazima uzijaribie kwenye meza yangu?"

Habari za kukanyaga tofali saa tisa usiku sitazisimulia. Aliyewahi kukanyaga anajua na asiyewahi hataamini. Habari za jino nitazigusia tu. Vibapa viwili vidogo vikishikana, kucha haziwezi kuvitenganisha. Kipo kifaa chake maalumu, nami sikuwa nacho. Nilitumia jino, na jino lenyewe lilikuwa limezibwa. Daktari aliniuliza nilikuwa natafuna nini. Nikasema muwa.

Basi hapo ndipo baba mdogo alipofika, akauliza mkuku.

"Hakina mkuku, baba. Ni chombo cha anga."

"Umeanza wapi kukijenga?"

"Nimeanza omo, nikajenga tezi, nikaviunganisha katikati."

Akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesikia habari ya msiba. Unalaza mkuku, akasema, ndipo unasimamisha mataruma, ndipo unapiga mbao. Anayeanza na mbao anajenga kabati. Nikamwambia angani hakuna mawimbi.

"Ndiyo maana hakijavunjika," akasema. "Hakijaenda popote."

Kilikwenda Jumamosi. Shemeji yangu alikuwa anaoa, kikao cha kamati ya harusi kilipangwa kwetu, na meza ya kulia ilitakiwa kwa ajili ya daftari la michango na soda. Wajumbe walikuwa wameshaketi. Nikakishika chombo mkono mmoja omo, mkono mwingine tezi, nikainua. Kwa kitambo kidogo kilibaki kizima, ila katikati kimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kisha kikasema *kwaa*.

Matofali yaliruka mpaka kwenye bakuli la karanga. Yaliingia chini ya makochi, ndani ya kreti la soda, na moja, sijui kwa njia gani, ndani ya mkoba wa mama mchungaji. Mwenyekiti wa kamati, mtu wa taratibu, akaomba ajali hiyo iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ndipo mweka hazina akavaa miwani, akafungua daftari, akasoma kwa sauti isiyo na chuki yoyote kwamba mwenye nyumba aliahidi shilingi 300,000 na hadi leo ameleta 50,000. Macho yote yakashuka sakafuni, yakatazama mahali pesa ilipo. Nilimalizia ahadi usiku ule ule kwa simu, makato ya kutuma juu yangu.

Wageni walipoondoka, baba mdogo alikuwa ameketi mkekani, jicho moja limefunikwa bandeji, anachambua matofali kwa vidole. "Lete tulaze mkuku," akasema.

Tuliulaza. Ndani ya fuko kulikuwa na boriti zenye matundu, zinazofungwa kwa pini, ambazo mimi nilikuwa nimezidharau kwa sababu hazina sura. Alizipanga safu mbili, akazipishanisha viungo visikutane mahali pamoja, akazifunga, akashika ncha zote mbili na kuzitikisa kama anamwamsha mlevi. Hazikulegea. Ningependa kusema nilifurahi. Niliona wivu: miezi saba ya kompyuta, na mzee wa jicho moja amemaliza kabla ya swala ya isha.

Tatizo la kumpa fundi kazi yako ni kwamba inakuwa yake. Kuanzia siku ile sikurudi nyumbani bila kukuta neno. Tezi imezidi uzito. Zile nilizoziita mbawa yeye aliziita ndubi, na kwa maoni yake ngalawa hii ingepinduka hata kwenye beseni. Akataka kujua wanapikia wapi. Nikaonyesha kijichumba. Akataka kujua wanajisaidia wapi, na hapo nikakwama, kwa sababu kila mchoro niliouona una mizinga minne, hauna choo. Jahazi lina kibanda chake kule tezi, akasema, na mtu hawezi kwenda kwenye nyota amejibana. Tukaondoa mzinga mmoja tukaweka choo.

Kilichotushinda ni uwazi mmoja. Mbawa zangu zimefungwa kwa bawaba ili zilale mshazari, na penye mshazari vinundu havikutani, unabaki mwanya. Baba mdogo alichukua kadi yake ya kliniki, akaipenyeza katikati ya bawa na ubavu. Ikaingia yote.

"Hapa maji yataingia."

"Baba, angani hakuna maji."

Akafikiri. "Hewa ya kuvuta wanaipata wapi?"

"Imo ndani ya chombo."

"Basi itatokea hapa."

Nikaenda kulala. Kesho yake nilijaribu vibapa vya pembe, keshokutwa nikajaribu kulaza matofali kwa ile hesabu yangu ya tano kwa mbili, siku ya tatu nikabomoa ubavu mzima. Kila mara kadi iliingia. Mzee hakusema kitu. Aliipenyeza tu, akaichomoa, akarudi kwenye taarifa ya habari.

Aliondoka Jumatatu kwa basi la Tanga la alfajiri. Jioni nilipoketi mezani niliona kiti cha nahodha kitupu. Nikatafuta chini ya makochi, kwenye ndoo ya taka, ndani ya karanga zilizobaki. Binti yangu aliapa. Mke wangu alikataa hata kuapa. Siku ya tatu simu ikalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Jicho linaona vizuri. Nahodha wako ninaye. Ule ufa wa kofia nimeuziba kwa lami."

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekataa. Simrudishi mtu kwenye chombo kinachovuja. Tia kalafati kwanza, halafu nitumie picha, na hiyo kadi iwe imo kwenye picha."

Nikamuuliza, kwa unyonge, nahodha anaendeleaje huko.

"Yuko omo kwenye ngalawa ya jirani," akasema. "Leo wamerudi na changu wanane, na hajalalamika."