Laki Mbili kwa Kusimama

Jumapili nimeahidi laki mbili kwenye kikao cha harusi ya mtu ambaye hata jina lake la pili silijui, na kisa ni siti ya baiskeli.

Viti vya kikao vilikuwa vile vya plastiki. Nikakaa dakika tano, nikahamia kalio la kushoto, nikahamia la kulia, nikainama mbele kama mtu aliyeguswa sana na bajeti ya mapambo. Mwisho nikasimama. Sasa, aliyewahi kuhudhuria kikao cha harusi anajua kwamba mtu hasimami hivi hivi. Mwenyekiti alimkatiza mweka hazina: "Jamani, shemeji yetu amesimama!" Makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nikainua vidole viwili kuomba dakika mbili tu ninyooshe mgongo. "Laki mbili! Katibu, andika!" Kukanusha kungedai maelezo, na maelezo yangehusu makalio yangu mbele ya wakwe. Nikainama kushukuru. Hata kuinama kuliuma. Katibu akauliza, "Taslimu au ahadi?"

Baiskeli yenyewe iko sebuleni nyuma ya kochi, gurudumu la nyuma limebanwa kwenye stendi ya mazoezi. Siti yake ilikuwa ngumu, nikaenda Kariakoo kutafuta laini. Muuzaji aliibinya kwa kidole gumba: "Bosi, hili godoro." Elfu thelathini. Nami nikaibinya, nikaridhika. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba kidole gumba sicho kitakachokaa. Siku ya tatu nilikuwa natembea kama kijana wa jando.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na nakiri sikujua makalio yana elimu kiasi hiki. Kwenye kochi uzito husambaa mpaka mapajani. Kwenye baiskeli unatakiwa kubebwa na ncha mbili za chini za mifupa ya nyonga, basi. Siti ikiwa laini kupita kiasi, ncha hizo huzama, na sponji linalosukumwa hupanda katikati, penye mishipa ya damu na ya fahamu, mahali ambapo hakuna anayetaka kubanwa. Ganzi inatoka hapo. Bibi yangu alikalia mbuzi ya nazi maisha yake yote, ubao mtupu, wala hakulalamika. Kumbe alikuwa mtaalamu.

Kupima ni rahisi. Chukua kipande cha boksi, kile chenye mawimbi ndani, kiweke juu ya stuli ngumu, ukalie, uiname kidogo, uinuke. Vinabaki vishimo viwili. Pima toka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine: wengi wetu tuko kati ya sentimita 10 na 15. Ongeza kama mbili, huo ndio upana wa siti yako. Mimi ni 13. Nimempima mke wangu na shemeji. Fundi bomba alikataa.

Tena ndani ya nyumba ni kubaya zaidi. Barabarani shimo linakuinua, kona inakulaza, mteremko unakupumzisha, upepo unakukausha. Sebuleni baiskeli haiyumbi, jasho halikauki, na sehemu ile ile inakandamizwa saa nzima. Na niko sebuleni kwa nini? Kwa sababu mwenye baiskeli mjini hapa hana pake. Daladala inamsukumia mtaroni, kinjia kilichochorwa picha ya baiskeli kimejaa bodaboda, na akilalamika anaulizwa kwa nini hanunui gari. Baba zetu walikwenda kazini na baiskeli zao za Phoenix. Mimi napiga kilomita 20 bila kulipita kochi, kisha naonekana mimi ndiye mwendawazimu.

Siti ya pili ilikuwa na upana sawasawa, ila haikuingia kwenye nguzo ya baiskeli yangu. Kaptula yenye sponji niliivaa wiki nzima juu ya chupi, mpaka nilipoambiwa haivaliwi hivyo.

Ya tatu ni ya ngozi, mtumba, elfu ishirini na tano, ilikuwa imelegea kama chandarua. Fundi baiskeli akaikaza kwa nati iliyo chini ya pua ya siti, basi. Naizoea.

Harusi ni Jumamosi. Kama uko kwenye kamati hiyo, naomba kiti chenye mto, na ukiniona nimesimama, tafadhali usipige makofi.