Utukufu wa Dakika Tano

Lugha hii haijawahi kuona haya kusifu. Tumesifu minazi, majahazi, mabibi harusi, wanasiasa waliokufa na hata walio hai. Ajabu ni kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyemkumbuka mtumishi mmoja mnyenyekevu ambaye bila yeye mtaa wa Gitothua usingepata wapangaji na mji mzima wa Ruiru ungebaki mashamba ya kahawa. Namzungumzia Dakika Tano. Aliyewahi kutafuta nyumba upande huu wa Thika Road anamjua, maana yumo katika kila tangazo, mwishoni kabisa, kama mzee anayengoja wengine wamalize kusema: bedsita safi, maji siku zote, tokeni yako mwenyewe, geti na kamera, mazingira salama, dakika tano kutoka lami. Hao wengine wote wanaweza kuumbuliwa. Maji huumbuliwa na mfereji ukifunguliwa. Kamera huumbuliwa na waya wake, ambao ukiufuata kwa macho unakuta umeishia kwenye msumari. Dakika Tano hajaumbuliwa tangu azaliwe, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Fadhila yake kuu ni kunyumbuka. Wafaransa walipotaka kipimo kimoja cha urefu, mwaka 1792 waliwatuma wanasayansi wawili, Delambre na Méchain, wapime nchi kutoka Dunkirk hadi Barcelona. Kazi iliwala miaka, na walichopata mwishoni ni mita, kitu kigumu kisichomhurumia mtu: iwe masika iwe kiangazi, uwe na mzigo au mikono mitupu, mita ni ileile. Sisi hatukumtuma mtu popote. Tuliegemea bodaboda, tukatazama upande wa barabara, tukasema "dakika tano", na kipimo kikawa. Tukitaka kuwa wakorofi twaweza kukikagua. Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita 5 hivi kwa saa, kwa hiyo dakika tano ni kama mita 400. Tuseme barabara kuu inapita Ruiru kwa kilomita 10, tuwapange wapangaji pande zote mbili, mita 400 huku na mita 400 kule: tumepata kilomita 8 za mraba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru, wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Wagawe. Wanatoka zaidi ya watu 61,000 kwa kila kilomita ya mraba, karibu mara kumi ya msongamano wa Nairobi, na wanakaribia kuifikia Mathare, iliyoongoza nchi nzima katika sensa hiyo. Kama matangazo yanasema kweli, basi watu wa Ruiru wamebebana migongoni kando ya lami, na huko nyuma kunakoonekana maghorofa hadi upeo wa macho hakuishi mtu. Ni mandhari tu.

Lakini huo ni ukorofi wa hesabu, na Dakika Tano hakuumbwa kwa ajili ya hesabu. Mkosoaji husahau kuuliza: kutoka lami ipi, kwa miguu ya nani, na kuanzia wapi? Lami yaweza kuwa Thika Road, yaweza kuwa Eastern Bypass, yaweza pia kuwa kile kipande kilichomwagwa mbele ya kanisa wiki mbili kabla ya uchaguzi, ambacho nacho ni lami. Miguu yaweza kuwa ya ajenti, kijana mwepesi asiyebeba chochote ila simu, au ya landlodi, ambayo haijaikanyaga njia hiyo tangu msingi ulipochimbwa kwa kuwa yeye huja na gari. Na kuhusu kuanza, Waswahili tuna bahati: saa zetu huanza kuhesabiwa kunapokucha, si usiku wa manane kama za wenzetu, hivyo tunajua tangu zamani kwamba wakati hutegemea ulipoanzia kuhesabu. Dakika Tano huanza pale matope yanapoisha. Kwenye udongo mweusi, mvua ya Aprili ikishanyesha, kila hatua huongeza tabaka chini ya kiatu mpaka mtu anatembea amerefuka na ameelemewa kwa pamoja. Wakati huo wote hajaanza safari, anajiandaa. Akishafika penye changarawe, akaanza kuzisikia matatu za 145 zikipiga honi, kutoka hapo kweli ni dakika tano. Mimi nimekwisha kukubali.

Fadhila nyingine nazitaja mbio. Huimarisha moyo na mapaja. Huwapunguza wageni: shemeji aliyekuja mara moja haji tena. Huwalisha bodaboda wanaosinzia kwenye kona. Na ameanzisha huduma za fedha ambazo hazijaandikwa popote. Tazama steji msimu wa mvua, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanamke mwenye suti ya kazi anafika amevaa gambuti. Anaketi kwenye kreti ya soda, anavua, anatoa kwenye mfuko wa kitambaa viatu vyeusi vya kisigino kifupi, anafuta nyayo kwa kitambaa alichokuja nacho, anavaa. Gambuti zinaingia mfukoni, mfuko unakabidhiwa mama mboga, ambaye chini ya meza yake, nyuma ya gunia la viazi, ameshapanga mifuko mingine sita, kila mmoja na fundo lake ili jioni isichanganyike. Hiyo ni benki ya gambuti. Haina leseni wala tawi, na amana ya mtu haipotei, jambo ambalo si kila benki ya nchi hii inaweza kulisema.

Atatokea wa kusema kwamba mpangaji ana macho na miguu: kwa nini asiende mwenyewe akapime kabla ya kulipa? Ni hoja nzuri kwa mtu mwenye wiki tatu za kuzurura. Lakini ni nani hasa anatafuta nyumba Gitothua? Ni mtu aliyepata kazi, kwenye bohari huko Tatu City, kwenye hospitali, chuoni, kwenye kiwanda cha chuma, akaambiwa Ijumaa kwamba aripoti Jumatatu. Ana Jumamosi na Jumapili. Kila mlango anaofunguliwa na ajenti una ada ya kuonyeshwa, aichukue nyumba au aikatae, hata kama nyumba yenyewe ilichukuliwa Alhamisi. Akishaona tatu amekula nauli ya wiki. Anaonyeshwa adhuhuri, jua linawaka, njia imekauka, ajenti anamsimulia habari za majirani watulivu, na mazungumzo mazuri hufupisha njia. Kisha atoe kodi ya mwezi na dipoziti, siku 30 kabla ya mshahara wa kwanza. Mtu wa hali hiyo hachagui nyumba. Nyumba ndiyo inayomchagua. Wala simlaumu ajenti. Naye hana mshahara, anakula anachookota mlangoni, na siku akisema dakika ishirini na tano mwenzake wa ng'ambo ya njia atasema tano, naye atalala njaa akikumbatia ukweli wake. Uongo ukishakuwa lazima kwa kila mtu haufai tena kuitwa uongo. Uitwe miundombinu, tena ndiyo pekee iliyofika Gitothua kwa wakati.

Hapa sifa zinanikauka kidogo mdomoni. Tangazo linasema salama, na ndani ya geti huenda ni kweli: mlinzi yupo, ukuta una waya, mlango wa chuma una kufuli mbili. Lakini ni wangapi wanaoporwa wakiwa sebuleni? Simu huporwa katika hizo dakika tano, saa tatu usiku, kati ya taa ya mwisho ya barabara kuu na taa ya kwanza ya geti. Muuguzi anayetoka zamu hahitaji kamera ya kumrekodi akibisha hodi huku anahema. Anahitaji taa kumi njiani, basi. Landlodi atakuambia kwamba wajibu wake unakoma ukutani, na hakosei. Wajibu wa ajenti ulikoma ulipotuma M-Pesa. Barabara kuu ina mamlaka yake. Njia ya katikati ni ya nani? Hilo si fumbo hata kidogo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezitaja kazi za kaunti moja baada ya nyingine: barabara za kaunti, taa za barabarani, mipango na nyumba, maji na usafi. Taa za barabarani zimeandikwa humo, jamani, hazikuachwa zidhaniwe! Na kinachouma zaidi ni kwamba Mto Ruiru huuhuu ulizungusha mitambo ya kuipa Nairobi umeme mwanzoni mwa karne ya 20, kisha mkoloni akaupingia bwawa ili maji yake yakanywewe Nairobi. Mto umekuwa ukiripoti kazini jijini kwa zaidi ya miaka mia moja, hauchelewi, haudai marupurupu. Huku nyuma watu wake wanarudi nyumbani wakimulika njia kwa tochi ya simu ileile wanayoogopa kuporwa.

Na ile "bei nafuu"? Turudi kwenye hesabu, maana tumekwisha kuwa wakorofi. Bodaboda ya hizo dakika tano tuiweke shilingi 50, bei ya mchana bila mvua. Kwenda na kurudi ni 100. Siku 26 za kazi ni 2,600. Sasa fungua Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ya mwaka 1959, iliyounda baraza la kumlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi asipandishiwe kodi ovyo wala asitupiwe virago nje. Inamlinda nani? Mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nauli ya Dakika Tano peke yake imeshapita kiwango ambacho sheria inakitambua kuwa kodi. Mtu wa Gitothua angepata kinga ya baraza hilo kama angehamia kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda, na hata hapo angezidisha kwa shilingi 100. Mswada wa kuibadilisha sheria hiyo ulipelekwa Bungeni mwaka 2021. Kutoka Bungeni hadi sheria, wangesema maajenti, ni dakika tano. Wakati huohuo mshahara wa kwanza unafika ukiwa umekwisha kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, chini ya sheria ya 2024: anayelipwa 40,000 anatoa 600, na mwajiri anaongeza 600 nyingine. Nyumba hizo zitajengwa wapi sitabiri, ila naweza kukisia zitatangazwa kuwa dakika ngapi kutoka lami.

Wapo watakaoitetea kaunti kwamba haikuwa na namna, mji ulikua ghafla. Kukua umekua: watu 238,858 mwaka 2009, zaidi ya mara mbili miaka kumi baadaye. Lakini ghafla? Thika Road ilianza kupanuliwa mwaka huohuo wa 2009, ikafunguliwa rasmi Novemba 2012, mchana kweupe, mbele ya kamera zilizokuwa na waya. Kila mwenye shamba alijua kitakachofuata, akagawa ploti za hamsini kwa mia kabla lami haijapoa. Na kila ghorofa lililojengwa kihalali lilipitisha ramani yake mezani kwa mtu, kwanza kwenye baraza la manispaa na tangu 2013 kwenye kaunti, likalipiwa ada, likapigwa mhuri. Mhuri ulitazama nguzo, ngazi, madirisha na choo. Kila ramani iliishia kwenye mpaka wake. Ukizitandaza zote sakafuni, moja kando ya nyingine, utaona maelfu ya vyumba vilivyochorwa kwa rula, na kati yake nyufa nyeupe zisizo na mstari hata mmoja. Humo ndimo anamokaa Dakika Tano. Kiswahili kina neno moja, mpangaji, kwa anayepanga nyumba na kwa anayepanga mji. Wa kwanza wamejaa Ruiru hadi darini, na nafasi ya wa pili ilipobaki wazi Dakika Tano aliishika bila kuombwa. Amefanya kazi ya mhandisi wa barabara, fundi taa na afisa wa mipango bila ofisi, bila gari la serikali, bila hata semina moja ya Naivasha.

Na utendaji wake unaongezeka. Maghorofa yamekuwa mengi, vyumba vingine vinakaa vitupu, ushindani umekuwa mkali, na bango la karibuni zaidi linasema dakika tatu. Ukuta haujasogea, na lami iko palepale.