Fadhila za Kufanyia Kazi Nyumbani kwa Lazima
Kazi ya nyumbani kwa lazima ni neema anayopewa mfanyakazi bila kuiomba. Nchini Kenya ilishuka tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona, serikali ilipozitaka ofisi na kampuni ziwaache watu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma muhimu. Kafyu iliyoanza tarehe 27 iliikamilisha: asiyekwenda kazini mchana akakosa pia pa kwenda usiku.

Fadhila yake ya kwanza ni kurefusha siku. Watafiti waliochunguza barua pepe na mikutano katika miji 16 ya Amerika Kaskazini, Ulaya na Mashariki ya Kati waliona siku ya kazi imeongezeka kwa wastani wa dakika 48.5. Muda uliookolewa barabarani haukupotea basi. Mwajiri aliupokea kwa mikono miwili.

Ya pili ni kuipa nyumba kazi nyingi. Mhasibu aliyevaa shati lililopigwa pasi juu na kikoi chini alisoma hesabu za robo mwaka kwenye meza ya chakula, mtoto akililia uji na muuza mboga akinadi dirishani. Hakusumbuka kujua kazi imeisha saa ngapi, maana haikuisha.

Ya tatu ni mkutano wa video. Mwaka 2021, Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alitaja mambo manne yanayochosha humo: kukodolewa macho kwa karibu, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa mahali pamoja, na kuhangaika kusoma ishara za wengine. Ofisini haya yote hayapatikani.

Ya nne, iliyo bora kuliko zote, ni upweke. Soga za chai ya saa nne zilikoma. Aliyeelemewa na sonona aliepushwa na wenzake ambao wangemwona usoni wakamuuliza kulikoni. Alizima kamera, na kazi ikaendelea.

Nyumba yenyewe haistahili sifa hizi, kwani wapo wengi waliochagua wenyewe kuifanya ofisi na wakaipenda. Sifa ni za lazima isiyo na mpaka. Mwishoni mwa 2021 Ureno ilitunga sheria ya kumzuia mwajiri kumtafuta mfanyakazi wakati wa mapumziko yake, ila kwa dharura. Sheria ya namna hiyo ndiyo adui wa neema hii: ikijulikana saa ya kufunga kazi, nusu ya fadhila zake hufutika.