Lumbesa ya Hewa

Michezo ya ubaoni, yaani michezo ambayo wachezaji wake huketi kuzunguka uso uliochongwa, uliochorwa au uliochapishwa na kusogeza juu yake vitu vidogo viitwavyo kete, inaweza kuainishwa kwa kufuata asili, kanuni au idadi ya wachezaji. Lakini kwa wakazi wa Nyasura, katika mji wa Bunda mkoani Mara, uainishaji wenye manufaa ni wa makundi mawili tu, yaani michezo inayokuja na boksi na michezo isiyokuja na chochote. Uainishaji huu, ambao huenda wataalamu wakauona mwepesi, una sifa ya kueleza kwa nini kundi la kwanza humaliza nauli na kundi la pili humaliza jioni.

Kundi lisilo na boksi linaongozwa na drafti, mchezo wa miraba 64 na kete 12 kwa kila upande, ambao vijiweni huchezwa kwa vizibo vya soda: mchezaji mmoja huvilaza vyake kifudifudi, mwenzake huvilaza chali, na kete ifikayo mstari wa mwisho wa mpinzani hubebeshwa kizibo kingine mgongoni na kuitwa kingi. Kijiwe, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mahali popote ambapo watu wasio na haraka hukutana kila siku kwa saa ileile na kushangaa kuwa wenzao nao wamefika. Kwa kuwa vizibo hupotea, na kwa kuwa soda nyingi siku hizi huuzwa katika chupa za plastiki zenye vizibo virefu vya kusokota visivyokubali kubebana, kete iliyopotea hufidiwa kwa kununua soda ya chupa ya kioo na kuinywa palepale, hivyo drafti ni mchezo ambao vipuri vyake huja na sukari.

Jirani wa drafti ni bao, lenye safu nne za mashimo manane na kete 64, idadi ambayo pia hutumika katika omweso wa Uganda. Kete za bao pwani huwa ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mti wa mkomwe, na panapokosekana komwe hutumika mbegu nyingine au kokoto laini, ambazo ziwa lililo Musoma halijawahi kuziadimisha. Kete zote 64 hukaa ndani ya kopo la Blue Band la kilo moja na nafasi ikabaki, na ubao wenyewe, ukishaegemezwa ukutani, hauhitaji kifuniko, kwa sababu hakuna mwizi aliyewahi kuthubutu kuiba kitu ambacho mtaa mzima unakifahamu kwa nyufa zake.

Kundi lenye boksi ni la kigeni zaidi na linahitaji vipimo. Boksi la mraba lililozoeleka Ulaya na Marekani, kama lile la Ticket to Ride, mchezo wa reli uliotoka mwaka 2004, lina upande wa sentimita 30 hivi na kina cha sentimita 7, ujazo ambao ukikokotolewa unapita lita sita, yaani unalizidi dumu la mafuta ya kula la lita tano. Yapo makubwa zaidi: Gloomhaven, mchezo uliotoka mwaka 2017, una uzito unaokaribia kilo 10, sawa na mfuko wa sembe, tofauti ikiwa kwamba sembe haiji na kitabu cha kanuni na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa kutokuielewa. Gloomhaven angalau umejaa. Maboksi mengi ya wastani, yakifunguliwa, huwa na karata chache, vipande vya mbao, ubao uliokunjwa, na chini ya vyote hivyo trei ya plastiki iliyotunishwa kwa ustadi ili vitu vichache vionekane vimefika hadi mdomoni.

Sababu za jambo hili zinajulikana. Dukani boksi ndilo tangazo, kwa hiyo lazima lionekane kutoka mbali; mnunuzi hukadiria thamani kwa macho kabla hajakadiria kwa akili; na baadhi ya watengenezaji huacha nafasi kwa ajili ya viongezo, yaani karata na kete za ziada zitakazouzwa baadaye kwa bei yake. Kwa lugha ya soko la Bunda, sababu hii ya mwisho ni sawa na kuuziwa gunia la mpunga lililojaa nusu, kwa maelezo kwamba nusu iliyobaki italetwa msimu ujao. Nchini Tanzania, ambako Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana na lumbesa, yaani ufungashaji wa mazao unaopita mdomo wa gunia na kuvalishwa kilemba cha kamba juu yake, gunia pungufu la aina hiyo halina hata jina. Kwa kukosekana kwa istilahi rasmi, insha hii inaliita lumbesa ya hewa.

Athari za lumbesa ya hewa zilidhihirika pale mwandishi wa insha hii alipotumiwa na mpwa wake aishiye Ulaya mchezo mmoja wa kilimo na biashara, ukapokewa Mwanza na kupakiwa kwenye basi la kuelekea Musoma ili ushushwe Bunda. Karani wa vifurushi, ambaye alikadiria malipo kwa ukubwa na si kwa uzito, alilitikisa boksi, akasikia kitu kikichakarika, akauliza kama ni vyombo vya udongo, na alipojibiwa kuwa ni mchezo akaandika kwenye risiti neno "mashine". Mzigo uliposhushwa, majirani walikuwa wamekwisha kukubaliana kuwa ni maikrowevu, na watu tisa waliusindikiza hadi nyumbani kwa heshima ambayo mwandishi hakuwahi kuipata kwa maandishi yake.

Ufunguzi ulifanyika hadharani na ulileta majonzi. Baada ya trei kuinuliwa na kuthibitishwa kuwa chini yake hapakuwa na maikrowevu, jioni mbili zilitumika kusoma kanuni, kupanga vipande vya mbao, kuvipangua na kuvipanga tena, shughuli ambayo mzee mmoja mjuzi wa bao aliiita kutakata. Katika istilahi za bao, kutakata ni kusambaza kete kutoka shimo hadi shimo bila kula kete hata moja ya mpinzani. Kufikia ukurasa wa nne wa kanuni, wachezaji wanne walikuwa wametakata kwa saa tatu, na mmoja wao alikuwa amesinzia akiwa anamiliki mashamba mawili ya ngano.

Hata hivyo, haki inadai kusemwa kuwa michezo ya Nyasura nayo hufungashwa kupita kiasi, ila ufungashaji wake ni wa watu. Drafti ya wachezaji wawili huzungukwa na watazamaji wanane au zaidi, ambao kila mmoja ameona kete iliyopaswa kusogezwa, wawili wameisogeza, na mmoja ameshikilia vizibo vilivyoliwa na hataki kuvirudisha. Hiyo ni lumbesa kamili, na kilemba juu. Bao nalo halina nafuu. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mapenzi yake kwa bao ni mashuhuri, alilipatia Kiswahili neno kung'atuka kutoka katika lugha yake ya Kizanaki, yaani kuachia nafasi kwa hiari, na mwaka 1985 alilitekeleza kwa kuacha urais na kurejea Butiama. Lakini neno hilo, licha ya kuzaliwa katika mkoa huuhuu, bado halijawafikia watazamaji wa bao, ambao huondoka kwa mvua au kwa kuitwa kula.

Tofauti ya lumbesa hizo mbili ni kwamba ile ya watu hujilipia nauli, na ile ya hewa ina matumizi pindi hewa itakapotoka. Wiki ya tatu boksi la mpwa lilikuwa na vifaranga kumi na mmoja, ambao walilikuta na upana wa kutosha na trei yake ikiwa na vishimo vya kunywea maji. Mfuniko wake ulichorwa miraba 64 kwa upande mweupe wa ndani na kupelekwa kijiweni, ambako unasifiwa kuwa ndio ubao wa drafti ulionyooka kuliko zote zilizowahi kutumika hapo. Na vipande vya mbao vilivyowakilisha ngano vimeziba pengo la kete za bao zilizopotea. Kitabu cha kanuni kiko salama, kwa kuwa hakuna aliyekihitaji tena. Wadau wa kijiwe wamemtuma mwandishi amuulize mpwa wake kama anaweza kutuma mchezo mwingine, wowote ule, mradi boksi lake liwe kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu vifaranga wanakua.