Shangazi wa Karai Anajibu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwali, nimeolewa juzijuzi. Asubuhi ya Idi niliwakaangia wakwe maandazi. Mama mkwe alichovya moja kwenye chai, akasubiri, akanywa chai yote, kisha akaliweka andazi mezani likiwa zima vilevile. Hakusema neno. Mume wangu anasema niyasahau. Nifanyeje?
Mwali wa Chumbageni, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mumeo ni mtu mwema, lakini usimsikilize: mkwe aliyenyamaza hajasamehe, anahesabu. Ulichofanya nakijua hata usiponieleza. Donge lilikunata vidoleni, ukaona kinyaa, ukaongeza unga. Likanata tena, ukaongeza tena. Huo unga wa nyongeza ndio ulioiharibu Idi yako. Nusu kilo ya unga inataka kikombe kimoja cha tui na zaidi kidogo, na mwanzoni lazima donge linate. Dawa yake ni kukanda, dakika 10 za kweli, bila simu mkononi, hadi liwe nyororo na liuachie mkono lenyewe.

Tui nalo liwe zito, maana mafuta ya nazi ndiyo yanayolilainisha andazi na kulifanya libaki laini hadi jioni. Lakini liwe vuguvugu tu. Watu hulichemsha, wakalimwaga juu ya hamira lingali linafuka moshi, wakaiua palepale, halafu wakakaa saa nzima kando ya bakuli wakingoja maiti afufuke. Tia kidole: ukiona raha, hamira nayo itaona raha. Funika, liumuke hadi liwe mara mbili ya lilivyokuwa, sukuma unene wa nusu sentimita hivi, kata pembe nne. Kisha (hapa ndipo mabibi harusi wote hukosea) yaache tena dakika 15 chini ya kitambaa kabla hujayatia kwenye mafuta. Iliki iponde mwenyewe siku hiyohiyo. Ile ya unga uliyoifungua mwaka jana haina jipya la kumwambia mama mkwe.

Shangazi, mimi kapera. Mandazi yangu nje ni meusi, ndani unga mbichi. Nikipunguza moto, yanakunywa mafuta hadi naogopa kuwasha kiberiti karibu nayo. Je, nimelogwa?
Kapera wa Nakuru

Hujalogwa, una haraka. Mafuta yakiwa na moto wa kutosha, kama nyuzi 175 hivi, maji yaliyo ndani ya donge hugeuka mvuke. Mvuke huo ndio unaolijaza andazi tumbo, na maadamu unasukuma kutoka ndani, mafuta hayapati njia ya kuingia. Moto ukiwa mdogo, mvuke ni dhaifu na mafuta yanajikaribisha. Huna kipimo? Dondosha kipande kidogo cha donge: kizame, kisha kielee upesi kikitoa mapovu. Kikikaa chini, subiri. Kikiungua, epua karai upumzike na wewe. Usilijaze karai, kwa kuwa kila andazi unalotia linayapoza mafuta. Yamwagie mafuta ya moto juu kwa upawa, nayo yatavimba mbele ya macho yako.

Tena nahisi umezidisha sukari. Makapera hamjiwezi. Sukari nyingi huidumaza hamira na huyapa maandazi weusi kabla ndani hapajaiva. Ukitaka utamu wa kukata kiu ya sukari, kaanga kaimati, kisha uzitumbukize kwenye shira. Na wale wanaotumia maziwa na bekingi pauda badala ya tui na hamira sina ugomvi nao, ila yakilala usiku mmoja wasiniite.

Niko Leicester, ni Januari, donge haliumuki.
Mwenye Baridi

Baridi haiui hamira, inailaza tu. Weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, pamoja na kikombe cha maji ya moto, ufunge mlango. Kisha uache kuchungulia.

Shangazi, kila nikikaanga mahamri jirani anabisha hodi, ati amekuja kunijulia hali. Siku za chapati hali yangu haimhusu. Nihame?
Mwenye Karai, Mji wa Kale, Mombasa

Harufu ya iliki haizuiwi na komeo, na huko utakakohamia kuna majirani pia. Wekeaneni masharti: mahamri yako, mbaazi zake. Mbaazi kavu zinataka kulowekwa tangu usiku, zichemke hadi ziive kabisa, ndipo zitiwe tui. Kazi hiyo itamfunza adabu. Akija mikono mitupu, mpe nazi na mbuzi akukunie. Akikaa kitako akakuna bila kununa, mwongezee hamri la tatu na umfiche, wenzio wasije wakamchukua.